Tutazame Kwanza, Ndipo Tuseme: Kuhakiki Picha za Wanyama kwa Ukweli na Upendo



Vijana wa parokia tunayoihudumia walifanya ziara katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kaskazini mwa mji wa Bagamoyo. Walisafiri kwa basi dogo, wakapanda mashua kwenye mlango wa Mto Wami, wakarudi na mamia ya picha katika simu zao. Jumapili iliyofuata, baada ya Misa ya pili, tuliwakusanya ukumbini, tukatundika shuka jeupe ukutani, na kila mmoja akaonesha picha alizozipenda. Kwa kuwa tumekuwa tukishika kamera tangu miaka yetu ya seminari, vijana walituomba tutoe maoni.

Siku ile tulikosea mara mbili.

Kijana mmoja wa kigango cha jirani alileta picha aliyoipiga asubuhi na mapema akiwa ndani ya mashua. Kwenye shuka palionekana maji yanayometameta, anga jeupe, na katikati kitu cheusi kisicho na umbo. Tukasema, “Hapa hakuna kitu, mwanangu, ni giza tupu. Tuone nyingine.” Ukumbi ukacheka. Kijana akaichukua simu yake, akarudi kuketi safu ya nyuma, na majuma yaliyofuata hakuonekana tena katika mikutano ya vijana.

Muda mfupi baadaye mwenzake, ambaye hakwenda Saadani, alionesha picha ya kasa aliyepanda ufukweni usiku karibu na kijiji chao ili atage mayai. Picha ilikuwa angavu, na kila pande la gamba lake lilihesabika. Tukapiga makofi pamoja na wote, tukatangaza kwamba hiyo ndiyo picha bora ya siku.

Makala haya yametokana na makosa hayo mawili. Tunakusudia kueleza namna ya kutoa maoni yenye kujenga juu ya picha za wanyama, kwa ajili ya walezi wa vijana, walimu, makatekista, wazazi, na yeyote ambaye mtoto wake humwendea na simu mkononi akimwambia, “Baba, tazama nilichopiga.” Huenda wengine wakadhani jambo hili ni dogo mno kujadiliwa na padre. Sisi pia tulidhani hivyo, mpaka tulipompoteza kijana kwa maneno machache tu.

Msingi wa mafundisho

Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba Mwenyezi Mungu aliwaleta wanyama mbele ya Adamu ili aone atawaita majina gani. Nani awezaye kumpa mnyama jina linalomfaa asipomtazama kwanza, akaujua mwendo wake, sauti yake na makazi yake? Kumtazama kiumbe kwa makini ni miongoni mwa kazi za kwanza alizokabidhiwa binadamu. Kijana anayekaa kimya saa nzima akimsubiri mdiria ashuke majini anafanya kazi iliyo jirani sana na ile ya Adamu, hata kama yeye mwenyewe hajui.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake wa Kitume Laudato si’ wa mwaka 2015, alifundisha kwamba viumbe vingine vina thamani yao vyenyewe mbele ya Mungu, wala havikuumbwa kwa ajili ya matumizi yetu peke yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika aya za 2416 hadi 2418, inaeleza kwamba wanyama humtukuza Mungu kwa kuwapo kwao tu, kwamba binadamu anawiwa kuwatendea kwa wema, na kwamba kuwatesa pasipo sababu ya msingi ni kinyume cha heshima ya binadamu mwenyewe.

Kwa hiyo, katika kila mazungumzo juu ya picha ya mnyama wamo watatu: aliyepiga picha, anayeihakiki, na mnyama aliyepigwa. Huyu wa tatu hayupo ukumbini na hawezi kujitetea. Maoni yenye kujenga ni yale yanayowatendea haki wote watatu. Sisi tulimkosea wa kwanza kwa kumdharau, na tulimkosea wa tatu kwa kushangilia. Tuzifuate sasa hatua zenyewe, moja baada ya nyingine.

Hatua ya kwanza: kutazama na kuuliza

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Sisi tulikuwa na macho, na bado tulihitaji kuambiwa.

Miezi kadhaa baada ya siku ile, katekista wa kigango alitueleza kwamba yule kijana alikuwa amewaambia nyumbani kwao kuhusu kiboko na ndama wake, wanyama ambao hakuwahi kuwaona maishani. Tukashangaa, maana hatukukumbuka ndama yeyote. Picha ilikuwa ingali kwenye kompyuta ya parokia. Tukaifungua usiku huo, tukaiongezea mwangaza, tukatulia mbele yake. Kile kitu cheusi kilikuwa kiboko jike aliyezama hadi mgongoni, na juu ya mgongo huo kilionekana kichwa kidogo chenye masikio mawili. Ndama alikuwapo tangu mwanzo. Kiboko aliyezaa hujitenga na kundi kwa siku za mwanzo, na penye kina kirefu mtoto hupumzika juu ya mama yake. Kijana alikuwa ameliona jambo ambalo wengi hupita mtoni wasilione, na sisi tuliipa picha yake sekunde tano.

Basi, kabla ya neno lolote, tutulie. Tuzungushe macho katika pembe nne za picha na katikati yake. Tujiambie moyoni tunachokiona, bila kukipima: mnyama gani, anafanya nini, nuru inatoka wapi, kuna nini nyuma yake, nini kimekatwa ukingoni. Kisha tumwulize mwenye picha swali moja: “Ulikuwa unaona nini ulipoipiga?” Jibu lake ndilo kipimo cha picha. Aliyetaka kuonesha ukubwa wa kundi la nyani hastahili kulaumiwa kwa sababu sura ya nyani mmoja haionekani vizuri, na aliyetaka kuonesha jicho la mamba hakuwa na haja ya kuuonesha mto mzima.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliweka mwanzoni mwa Mazoezi ya Kiroho kanuni inayotufaa hapa. Mkristo, asema, awe tayari kuyapokea maneno ya jirani yake kwa maana iliyo njema kuliko kuyahukumu, asipoelewa, aulize, na likiwapo kosa, asahihishe kwa upendo. Mtakatifu Inyasi alikuwa akizungumzia maneno, ila picha nayo ni usemi wa mtu.

Hatua ya pili: kutaja jema lililo la kweli

Baada ya kutazama, tuanze na jema. Hatusemi hivi ili kumpaka mtu mafuta kabla ya kumchoma sindano. Vijana huutambua ujanja huo upesi, na baada ya mara mbili huacha kuzisikiliza sifa wakisubiri neno “lakini”. Tunataja jema kwa sababu mwanafunzi anahitaji kujua alichofanya sawasawa ili akirudie. Mara nyingi hajui.

Kwa hiyo sifa iwe na mahali pake. “Picha nzuri” haimsaidii mtu. Afadhali kusema, “Umesubiri hadi twiga akainua kichwa juu ya miti, na kwa sababu hiyo shingo yake yote inasomeka kwenye anga.” Au, “Umewaacha tohe wakiwa wadogo katika uwanda mpana, nasi tunauhisi upana wa Saadani.” Maneno hayo humwambia kijana kwamba uamuzi wake ulionekana. Ikiwa hatuoni jema lolote, tumekwisha kupewa ishara kwamba hatujatazama vya kutosha.

Kuna pia sifa za uongo. Katekisimu, inapofafanua amri ya nane, inazihesabu sifa za kujipendekeza zinazomtia mtu nguvu katika ubaya kuwa ni kosa dhidi ya ukweli. Tutalirudia jambo hili tutakapofika kwa yule kasa.

Hatua ya tatu: kosa moja, sababu yake na dawa yake

Mwanafunzi aliyetajiwa makosa saba huondoka na huzuni moja tu. Tuchague kosa moja, lile ambalo likirekebishwa litaibadilisha picha kuliko mengine yote, tumweleze lilitokeaje na atafanyaje safari ijayo. Tunaorodhesha hapa yale tunayokutana nayo mara kwa mara katika picha za pwani yetu.

Kwanza ni nuru. Pwani yetu inatazama mashariki. Asubuhi jua hutokea baharini, kwa hiyo anayempiga picha mnyama aliyeko ufukweni huku lenzi ikielekea bahari atapata kivuli cheusi mbele ya mng’ao. Asimame akiipa bahari mgongo, na nuru itamwangukia mnyama usoni. Alasiri mambo hugeuka: jua liko upande wa porini, na bahari inakuwa mandhari nzuri ya nyuma. Tena, sisi tulio karibu na ikweta hupata nuru laini kwa muda mfupi tu, kwa kuwa jua hupanda karibu wima. Kufikia saa tatu asubuhi nuru imekwisha kuwa kali, na macho ya wanyama yameanza kufunikwa na vivuli. Kijana anayelalamika kwamba picha zake za saa saba mchana hazina uhai aambiwe hivyo kwa upole: kamera yake haina kosa, aamke mapema.

Pili ni kipimo cha mwangaza. Kamera na simu hujaribu kuifanya kila picha iwe na mwangaza wa wastani. Mbele ya anga jeupe na maji yanayometameta, huipunguza nuru, na kiboko anakuwa giza. Ndivyo ilivyokuwa kwa kijana wetu. Katika simu nyingi, dawa yake ni kumgusa mnyama kwenye kioo ili simu impime yeye, kisha kuongeza mwangaza kwa kidole. Tatizo hilo hutokea pia kwenye mashamba ya chumvi, wanakotua heroe, ndege wale wa waridi wenye miguu mirefu ambao wengi huwaita flamingo. Weupe wa chumvi huidanganya kamera, na waridi hugeuka kijivu.

Tatu ni jicho. Tunapomtazama kiumbe hai, macho yetu huyatafuta macho yake. Jicho likiwa limekolea barabara, tunasamehe mengi. Likiwa na ukungu, hata manyoya yaliyotoka vizuri hayatuponyi. Tumshauri mpiga picha alilenge jicho lililo karibu naye zaidi.

Nne ni mwendo. Kuro aliyesimama anaweza kupigwa kwa 1/250 ya sekunde mkono ukitulia. Kongoni anayekimbia huhitaji 1/1000 au kasi zaidi, na mdiria anayepigapiga mabawa juu ya maji kabla ya kuchupa huhitaji 1/2000 au zaidi. Aliye ndani ya mashua akumbuke kwamba hata yeye mwenyewe anayumba. Pale ambapo picha imetoka na ukungu, tumsaidie atambue chanzo: ukiwa ukungu umeenea picha nzima, mkono ulitikisika, ukiwa juu ya mnyama peke yake, mnyama aliizidi kasi ya kamera, na pale majani ya nyuma yanapoonekana wazi kuliko mnyama, lenzi ililenga mahali pengine. Mwanafunzi anayejua kuvitofautisha vyanzo hivi vitatu amepata mwalimu wa kudumu.

Tano ni kimo na mandhari ya nyuma. Picha iliyopigwa kutoka juu ya paa la gari humfanya mnyama aonekane mdogo na mnyonge. Kushuka hadi usawa wa dirisha husaidia sana, bila kutoka nje ya gari mahali ambapo sheria za hifadhi zinakataza. Na kabla ya kubonyeza, jicho lipite nyuma ya mnyama: je, kuna tawi linaloonekana kama limeota kichwani pake, au gari la wageni wengine? Mara nyingi kusubiri kidogo hadi mnyama apige hatua mbili kunatosha.

Ukingo uliokata mkia, au upeo wa bahari uliolala upande, ni makosa madogo yanayorekebishika nyumbani. Tusianze nayo. Mkosoaji mvivu huyakimbilia kwa sababu yanaonekana upesi.

Mnyama naye ana haki yake

Turudi sasa kwa kasa. Wiki chache baada ya makofi yetu, yule kijana wa pili alitusimulia kwa kicheko jinsi alivyoipata picha ile. Alimkuta kasa akipanda mchanga, akampiga picha kwa flashi mara nyingi, akiwa karibu kabisa na kichwa chake. Kasa akageuka, akarudi baharini bila kutaga.

Jambo hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Kasa anayepanda ufukweni huhitaji giza na utulivu, na akishtushwa na mwanga kabla ya kuanza kutaga anaweza kuyaacha yote akarudi majini. Vifaranga wanaoanguliwa nao huifuata nuru iliyo kwenye upeo wa bahari. Mwanga wa taa nchi kavu huwapotosha, wakatambaa kuelekea vichakani ambako hufa. Ufukwe wa Madete, ndani ya Saadani, unajulikana kwa mazalio ya kasa wa kijani. Hifadhi hiyo, iliyopandishwa hadhi kuwa ya Taifa mwaka 2005, ni mahali ambapo pori la tembo na simba linagusana na Bahari ya Hindi. Viumbe wanaokuja kuzaa katika pwani hii wanatutegemea tuzuie mikono yetu.

Picha ile ilikuwa angavu kwa sababu ya kosa lenyewe. Tuliposifu uangavu bila kuuliza umetoka wapi, tuliwafundisha vijana wote waliokuwa ukumbini kwamba njia ile inastahili tuzo. Hiyo ndiyo sifa tuliyosema kwamba inamtia mtu nguvu katika ubaya. Laiti tungeuliza swali lile moja, “Uliipataje?”, kijana angetuambia siku ile ile.

Tatizo hili ni la zamani hapa nchini. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za wanyama usiku katika nyika za Wamasai na maeneo ya Kilimanjaro, akitumia unga wa kulipuka uliotoa mwanga mkali. Kitabu chake cha mwaka 1905 kiliwashangaza wasomaji wa Ulaya, kwa kuwa hawakuwahi kuona simba namna ile, na Schillings mwenyewe akawa mtetezi wa kuwahifadhi wanyama wa Afrika. Hata hivyo, ili simba waje mbele ya kamera, alifunga punda na ng’ombe kuwa chambo. Mhakiki mwenye haki husema yote mawili kwa pamoja: picha ziliamsha dhamiri za wengi, na njia yake haitufai sisi kuiga.

Wataalamu wa leo huzingatia hayo kwa uzito. Mashindano ya kimataifa ya picha za wanyamapori yanayoendeshwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yalimvua ushindi mpiga picha mmoja mwaka 2018, baada ya wanasayansi kukubaliana kwamba mnyama aliyeonekana akikaribia kichuguu usiku nchini Brazili alikuwa wa kukaushwa na kujazwa. Mpiga picha alikana. Hata hivyo waamuzi waliiondoa picha, ingawa uzuri wake haukuwa umepungua hata chembe. Uzuri usiosimama juu ya ukweli hauwezi kudumu.

Kwa hiyo tunatofautisha mambo mawili. Katika ufundi, mhakiki hushauri, na mwenye picha ana uhuru wa kukataa. Katika madhara kwa mnyama, mhakiki huonya waziwazi. Ndege aliyefukuzwa kiotani ili aruke mbele ya kamera, nyani aliyerushiwa ndizi, tembo aliyesogelewa hadi akapanua masikio na kuinua kichwa kwa hasira: hapo hatuulizi habari za nuru kwanza. Tunauliza habari za kiumbe.

Faraghani au hadharani?

Bwana wetu Yesu Kristo, katika Injili ya Mathayo sura ya 18, anatuagiza kuanza na mkosaji tukiwa wawili peke yetu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba kumwonya ndugu ni tendo la upendo, na kwamba inatupasa kuliacha pale tunapoona litamwongezea ubaya badala ya kumponya. Mafundisho haya yanahusu dhambi; kijana aliyepiga picha yenye giza hakutenda dhambi yoyote. Lakini kama hata mwenye dhambi anastahili kulindiwa heshima yake mbele ya watu, je, si zaidi anayejifunza?

Tangu hapo tumejiwekea utaratibu. Mbele ya wote tunataja jema, na tunafundisha kanuni kwa kutumia picha zetu wenyewe zilizoharibika, nazo ni nyingi. Upungufu wa picha ya kijana tunauzungumza naye kando, isipokuwa yeye mwenyewe ameomba wenzake wauseme. Katika makundi ya simu ya parokia hatuandiki kasoro ya picha ya mtu, kwa kuwa maandishi hayana sauti ya upole, tena husambaa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi wa siku hizi umehamia katika vidole.

Yule wa kasa tulizungumza naye faraghani, tukianza kwa kukiri kwamba sisi ndio tuliompigia makofi. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama kasa yule angerudi. Tulimweleza kwamba mara nyingi kasa aliyekatizwa hujaribu tena, usiku ule ule au unaofuata, penye utulivu. Aliiondoa picha ile katika simu yake bila kuambiwa.

Kwa anayepokea maoni

Nanyi vijana, tuna neno kwenu. Anayewaambia kosa la picha zenu amewapa muda wake. Msijitetee kabla hajamaliza. Mwulizeni, “Ungefanyaje wewe?” Kisha mpime, msifuate kila ushauri, kwa kuwa mlikuwapo mtoni na yeye hakuwapo. Mkisikia kosa lile lile kwa watu watatu wasiojuana, liaminini. Na mtu akizungumza nanyi kwa dharau, kama tulivyofanya sisi, tafuteni ndani ya dharau ile kama kuna punje ya ukweli, mwichukue, mwache makapi.

Mwisho wa habari

Usiku ule tulipomwona ndama, hatukulala vizuri. Kesho yake tulikwenda hadi kigangoni. Tulimkuta kijana kwenye mashamba ya chumvi anakofanya kazi, akikusanya chumvi kwa koleo. Alitusalimu, “Tumsifu Yesu Kristo, Padre,” akataka kuendelea na kazi. Tulimwonesha picha yake katika simu yetu, tukamwambia kwamba tumemwona ndama, na kwamba tunamwomba msamaha kwa kutotazama. Akaiangalia picha kwa muda mrefu. Akasema, “Nilijua yumo, Padre. Nilidhani ni mimi sikuweza kumtoa.”

Ndipo tukampa maoni ambayo tulipaswa kumpa mwanzoni. Tulimwambia kwamba aliuona mgongo wa kiboko na kilicho juu yake wakati wengine wote katika mashua walikuwa wakingoja mdomo upanuke, na kwamba alifanya vema kutosimama wala kumsihi nahodha asogee, kwa maana kiboko mwenye ndama ni hatari. Tukamweleza kwa nini simu ilimfanya mnyama kuwa giza, tukamfundisha kugusa kioo na kuongeza mwangaza. Alijaribu papo hapo kwa yangeyange aliyesimama ukingoni mwa bwawa la chumvi. Mara ya tatu, ndege alitoka mweupe na unyoya wake ukaonekana.

Siku hizi amerudi katika mikutano. Hutuletea picha za ndege wa mashambani kwake, na juma lililopita alileta moja ya heroe wanne wakati wa jioni. Upeo wa maji ulikuwa umelala upande wa kushoto. Tulitulia, tukatazama, tukamwuliza alichokuwa akikiona. Kisha tukamwambia pia habari ya upeo. Alicheka, akasema ameshaliona mwenyewe.

Jimbo letu la Bagamoyo, lililoundwa mwaka 2025, bado ni changa, ingawa imani katika mji huu ina mizizi ya tangu mwaka 1868, Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika kutoka Zanzibar. Tunawahitaji vijana watakaoitazama pwani hii kwa upendo na kutuonesha tusichokiona. Wanapotujia na picha zao, tuwape kwanza macho yetu, kisha maneno yetu. Mwenyezi Mungu, aliyevitazama viumbe vyake vyote akaona kuwa ni vyema, atujalie neema ya kutazama kama Yeye. Amina.